Aliyemsuka Naomie

Asubuhi ya kwanza kambini, Naomie alitoka hemani akiwa amesukwa nywele. Hakuwa amefungwafungwa na mtu mwenye haraka. Alikuwa amesukwa kwa uzi mweusi, kichwa kimegawanywa kwa mistari iliyonyooka, kila fungu limezungushiwa uzi toka shinani hadi nchani, kazi ya saa mbili nzima kwa mwenye vidole vyepesi. Na Naomie ana miaka mitano, mtoto ambaye hajawahi kukaa mbele ya msusi bila kulia mpaka majirani waulize kuna nini.

Mama yake, Micheline, alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko la makaa, akipepea makaa ya chai kwa kipande cha katoni. Aliinua kichwa, na katoni ikasimama hewani.

"Nani alikusuka?"

"Nkambo," Naomie alisema, akachukua mkate.

Nkambo ndiyo bibi, kwa watu wa Kolwezi. Na pale hapakuwa na bibi yeyote. Mama yake Micheline yuko Lubumbashi na mguu wake mbovu, na mama yake Gaston, mumewe, alikufa kabla Micheline hajaingia katika familia. Ndivyo alivyoambiwa, na ndivyo alivyoamini kwa miaka kumi na miwili.

"Gaston, njo weye ulimusuka mutoto?" Njo ya kwao ni ndiye au ndiyo.

"Mi najua kusuka tangu lini?"

"Basi nani? Tulilala bote mu hema moja. Mi sikusikia kitu."

"Pengine Abigaël."

Abigaël, dada mkubwa wa miaka kumi, alitikisa kichwa pole pole. Gaston akageuka kuwatazama pundamilia waliokuwa wakila majani ng'ambo ya kijito, akawatazama kwa bidii kubwa mno kwa mtu ambaye mkewe anamuuliza swali.

Tumwache Micheline na makaa yake kidogo, turudi jana yake, maana Gaston alikuwa amekwisha kuhisi kuna kitu kimewafuata, na alikuwa ananyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoizoea kuliko zote.

Gaston Ngoy ni mkuu wa ofisi katika kampuni moja ya madini mjini Kolwezi, mtu wa shati lililopigwa pasi hata Jumamosi. Wakubwa wake huenda kulala porini wakati wa kiangazi, wakirudi wanaonyeshana picha kwenye simu, na yeye akatamani picha zake. Akanunua hema, viti vya kukunja, na kofia nne za rangi ya majani makavu. Wazee wake walihangaika maisha yao yote ili watoke porini, yeye akaomba likizo ili arudi. Alichagua hifadhi ndogo ya wanyama iliyofunguliwa upande wa Kasaji, huko magharibi, ambako wameleta pundamilia na swala.

Njia ya kwenda huko inafuatana na reli, na kabla ya kukunja kuelekea hifadhini kuna stesheni ndogo yenye soko. Gaston alilijua soko hilo. Alikuwa na nia ya kulipita vioo vimefungwa, muziki juu. Lakini Micheline aliona samaki waliokaushwa kwa moshi, akamgusa bega, na mwanaume ambaye hana sababu anayoweza kuitamka husimamisha gari.

Akina mama walikuwa wamekaa chini kando ya reli, bidhaa mbele yao juu ya mifuko: asali, viazi vitamu, viwavi vikavu, samaki. Micheline akainama kwa mama mmoja mzee. Mama yule alipoinua uso hakumwona Micheline. Alimwona mtu aliyesimama nyuma yake.

"Ngoy," alisema kwa sauti ndogo. "Ngoy yangu."

Gaston alikuwa amegeuza uso wakati huohuo, akatazama reli. Hakuhitaji kumtazama mama yule, sauti ilitosha.

"Anakuita," Micheline alisema. "Munajuana?"

"Hapana. Mi simujue huyu mama." Akacheka kidogo. "Ba Ngoy beko bengi."

Wale akina mama wa pembeni waliokuwa wakipiga soga wakageuka wote kumtazama. Mama mzee alifunga samaki katika gazeti, akaongeza viazi viwili vya matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji humpa mtu aliyempenda, akampa Micheline. Kisha akamtazama Naomie kwa muda mrefu, nywele zake za safari zilizosimama ovyo.

"Mutoto huyu anakosa mutu wa kumusuka?"

"Tutamusuka tukirudia, mama," Micheline alijibu, akacheka, wakaondoka. Gaston aliendesha kilomita kumi bila kuona barabara.

Mama yule anaitwa Godelieve, na ndiye aliyemzaa. Alibaki mjane Gaston akiwa na miaka saba, akamlea Musonoi, kando ya mashimo ya shaba, kwa kusafisha mawe ya madini mtoni pamoja na wanawake wengine. Alisimama ndani ya maji toka asubuhi mpaka jioni akitikisa kichungi, mpaka mikono yake ikashika rangi, kijani iliyochanganyika na weusi, kwenye kucha na katika mistari ya viganja, rangi isiyosikia sabuni. Alinuka tope na chuma kilicholowa. Kwa mikono hiyo Gaston alifika chuo kikuu, na huko chuoni ndiko alikojifunza kuionea aibu.

Siku ya kwenda kwa wazazi wa Micheline kupeleka posa, baba mkwe, karani mstaafu mwenye miwani ya dhahabu, alimuuliza mama yake yuko wapi. Gaston akaiona kichwani mwake ile mikono juu ya kitambaa cheupe cha meza. Akasema alikufa. Alidhani atasahihisha baadaye. Lakini Micheline ni Mkatoliki wa kweli, na mwezi wa kumi na moja ulipofika akamwashia marehemu mshumaa, na mwaka uliofuata akawasha tena, na kila mshumaa ukaufanya ukweli kuwa mgumu zaidi kuliko jana yake. Mama Godelieve alihama Musonoi kwenda kuishi kwa dada yake stesheni. Wapita njia walimletea Gaston salamu zake mara mbili tatu, na hakuzijibu.

Huyo ndiye mwanaume aliyekuwa akitazama pundamilia.

Siku ile walizunguka na gari kuona wanyama. Abigaël alihesabu swala mpaka akachoka. Waliporudi mchana walikuta sufuria juu ya mbabula, imefunikwa kwa sahani, na ndani yake bukari, ugali wa huko, la moto, limepigwa laini, na pembeni matembele yaliyochemshwa. Hakuna aliyekuwa ameacha chakula. Micheline alidhani ni mlinzi wa hifadhi, tata, yaani baba, Ngeleka, mzee wa buti za mpira na sweta la kijani, akaenda kumshukuru. Ngeleka akaja mwenyewe, akaitazama sufuria, kisha akatazama chini.

Mchanga wa pale ulikuwa mweupe na laini. Nyayo zilionekana vizuri: miguu mitupu, myembamba, ya mtu mzee anayekanyaga upande, zikitoka kwenye majani marefu ya kijitoni mpaka mlangoni mwa hema. Ngeleka alizunguka hema lote. Nyayo za kurudi hazikuwepo.

"Tata," alimwambia Gaston, amemvuta kando, "musikasirike kama nauliza. Mu njia, kuko mutu mulikana?"

"Kukana namna gani?"

"Mutu wa damu yenu. Mukasema hamumujue."

"Hapana," Gaston alisema.

Ngeleka alielekeza kidole kwenye majani ya kijitoni. "Bien. Hapa kwetu kuko bakishi, pepo ba pori. Habana jina, habana mutu. Kama unakana wako, unamuangusha chini, na kile unaangusha, beye banaokota. Banavaa. Halafu banakuya kwako kutafuta fasi." Akashusha sauti zaidi. "Ikianza kuita batoto, haitoki mikono mitupu. Kama kuko mutu, museme leo."

Gaston alisema tena hakuna. Alisema kama anavyosema kazini, kwa sauti ya mtu aliyemaliza mazungumzo, na uso wake ulikuwa unamwaka kwa aibu mpaka masikioni. Angeweza kusema pale. Micheline alikuwa hatua ishirini, anapanga sahani, na hizo hatua ishirini zilimshinda.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, kikaanza kishindo kijitoni. Sha, sha, sha. Kinatulia. Sha, sha, sha. Micheline alidhani ni mnyama anakunywa, na Abigaël alidhani ni upepo katika matete, lakini Gaston alikuwa amelala na kuamka na sauti hiyo miaka kumi na minne ya maisha yake, sauti ya mawe madogo yakitikiswa ndani ya kichungi, maji yakipita, mkono ukigeuza, mawe yakitikiswa tena. Alijiambia ataenda kuangalia. Akafika mpaka ukingo wa majani, na hapo harufu ikampata, tope na chuma kilicholowa, nzito kiasi cha kuionja ulimini, na miguu yake ikakataa, na alipokuwa amesimama hivyo kishindo kikakoma katikati ya mtikiso, kama mtu aliyegundua anatazamwa akaacha kazi ili naye atazame. Gaston akarudi nyumanyuma mpaka kambini, akamwambia mkewe ni ndege.

Alfajiri ya siku ya pili Micheline aliweka mkono mahali Naomie alipolala, akakuta blanketi limelowa na mtoto hayupo.

Walimkuta kijitoni, ameketi juu ya jiwe, miguu yote miwili ndani ya maji ya kiangazi, ambacho huko ndicho msimu wa baridi, maji ambayo mtu mzima hawezi kuyavumilia kwa dakika moja, na mabegani amefunikwa kitenge cha zamani, chenye maua yaliyofifia. Hakuwa akitetemeka. Alikuwa akitikisa mikono mbele yake, kushoto na kulia, kushoto na kulia, akichunga hewa. Micheline alimnyanyua akamkumbatia, na mtoto akamwangalia bila haraka.

"Nkambo ananifundisha kazi," alisema.

Abigaël alimshika baba yake shati. Alikuwa analia bila sauti. "Papa, ule nkambo alikuya kuniita na mi. Nilikatala. Anasema ulimunyima mutoto wake, njo maana atakamata wako. Anasema Naomie atabakia naye ku maji siku tutarudia." Akalivuta shati. "Papa, ulimunyima nani mutoto?"

Jua lilikuwa linachomoza, pundamilia wanatembea ndani ya ukungu, kila kitu kizuri kama Gaston alivyokitaka kwa ajili ya picha. Akaketi chini kwenye umande na suruali yake safi. Hakumtazama Micheline alipokuwa akisema.

"Mama yangu hakukufa. Njo yule wa samaki."

Micheline hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Alimfunga Naomie vizuri ndani ya sweta lake, akafunga kifungo kimoja baada ya kingine.

"Miaka kumi na mbili," alisema, "namuwashia mama yako mushumaa. Namuombea mu missa, ya kama apumuzike. Na yeye eko anakaa chini pa reli anauzisha samaki. Ulinifanya mi nimuzike mutu muzima, Gaston."

"Nilikuwa na haya."

"Haya ya nani?"

Jibu la kweli lilikuwa baya kuliko uongo wenyewe.

Ngeleka aliposikia hakusema "niliwaambia." Alisema tu kwamba dawa ni moja. Gaston aende sokoni mwenyewe, pale pale, mbele ya watu wale wale, amwite mama yake kwa mdomo wake na amlete kambini. Kuondoka na mtoto hakufai, kwa kuwa kile kitu kingeondoka nao. Mlinzi angekaa na Micheline na watoto, moto usizimike, mtu asikaribie maji.

Gaston alifika stesheni karibu na saa sita. Mahali pa mama yake palikuwa patupu, ila mfuko wake umekunjwa na kuwekewa jiwe usipeperuke. Akina mama wa pembeni wakamtazama anavyokuja, na kofia yake ya rangi ya majani makavu. Akaivua.

"Natafuta Mama Ngoy," alisema. Kisha, kwa sababu Ngeleka alimwagiza aseme na kwa sababu sasa ilikuwa lazima, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza asali: "Njo mama yangu. Njo yeye alinizaa. Juzi nilisema uongo."

Hapakuwa na aliyeshtuka. Mama mmoja mnene, Yolande, muuza viwavi, aliendelea kupanga vikombe vyake vya kupimia.

"Tunajua," alisema. "Shiye bote tunajua. Picha yako eko nayo mu kitambaa, kila siku anatuonyesha. Na juzi tulikusikia bote." Akapanga kikombe cha mwisho. "Alitoka asubui sana, kwa miguu. Alisema aliota mujukuu wake analia ku maji. Tulimukataza. Anasema hata kama hamumutake, mutoto hana kosa."

Gaston alirudi akiendesha kwa mwendo wa mtu anayetafuta mtu njiani, anasimama kila penye kivuli, anashuka, anaita. Aliita "Mama" katika pori lile mara nyingi kuliko alivyoita kwa miaka kumi na miwili. Hakumwona. Gurudumu moja likapasuka kwenye mawe, akapoteza muda hapo, na alipofika kambini jua lilikuwa limegusa vilele vya majani.

Micheline alikuwa amesimama mgongo kwenye gari, watoto wote wawili wamemng'ang'ania. Ngeleka alikuwa amesimama mbele yao, ameshika kipande cha mti kinachowaka. Na kwenye moto, mmoja upande huu na mmoja upande ule, walikuwa wameketi bibi wawili.

Walikuwa na kitenge cha namna moja, kilemba cha namna moja, kikapu kimoja cha samaki kila mmoja, na vumbi la njia miguuni mwao wote wawili. Waliinua nyuso pamoja.

"Ngoy," alisema wa kwanza.

"Ngoy yangu," alisema wa pili.

"Balifika pamoja," Ngeleka alinong'ona. "Mumoja kwa njia, mumoja kwa maji, mi sikuona nani wapi, nilikuwa nachunga batoto. Tata, sikia. Mumoja njo wenu. Mukamate mukono yake, museme 'huyu njo mama yangu.' Ule mwingine ataenda, hana tena cha kuvaa. Lakini munasema mara moja tu. Jua ikizima mbele hamujasema, atakamata mutoto."

Kazi nyepesi, mtu angesema. Nani asiyemjua mama yake? Gaston akatazama uso wa huyu, akatazama uso wa yule, na hapo, mbele ya mkewe na watoto wake na mlinzi wa pundamilia, aligundua kitu ambacho hakuwahi kukifikiria hata siku moja, kwamba uso wa mama yake haujui. Alikuwa na uso wa mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyesimama mtoni, na hawa walikuwa wazee, na makunyanzi yao aliyaona kwa mara ya kwanza, kwa kuwa juzi, badala ya kumtazama, alitazama reli.

"Tata yangu alikufia wapi?" aliuliza.

"Mu shimo, upande wa Musonoi," walisema wote wawili.

"Alipendaka kuniita nani?"

"Kadogo," walisema, na mmoja alitabasamu na mwingine alifuta jicho, na Gaston hakujua kipi ni cha mama.

"Gaston," Micheline alisema nyuma yake, kwa upole wa kutisha. "Jua."

Naomie alikuwa ameanza tena kutikisa mikono, kushoto na kulia. Kucha zake zilikuwa zimeshika rangi ya samawati. Gaston akapiga magoti, akasema waonyeshe mikono, na bibi wote wawili wakanyoosha viganja mbele ya moto, na alipoona alitaka kulia kwa furaha. Mikono ya bibi wa upande wa kulia ilikuwa ya kawaida, migumu, yenye nyufa na majivu. Lakini ile ya bibi wa kushoto ilikuwa na doa lile, kijani na weusi, kwenye kila kucha na katika kila mstari wa kiganja. Mikono ya Musonoi. Mikono aliyoikimbia na kuificha, na sasa ndiyo iliyokuwa inamwokolea mtoto. Akaishika yote miwili.

"Huyu njo mama yangu," alisema.

Mikono ya Naomie ikatulia. Akapumua kwa nguvu, akamwangukia Micheline kifuani, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto mwenye baridi na njaa. Micheline naye akalia.

Bibi wa upande wa kulia akajiinua, akitangulia kushika goti, kama wazee wanavyosimama. Hakupiga mayowe, hakugeuka moshi, hakumlaani mtu. Alitoa samaki katika kikapu chake, akawaweka juu ya jani kavu karibu na moto.

"Mutoto mumupanguse miguu muzuri," alimwambia Micheline. "Mumuvalishe soksi. Usiku hapa baridi inaingiaka mu mifupa."

Akafunga kitenge chake, na mwanga wa moto ukampiga viganjani kwa mara ya mwisho. Zile nyufa zilikuwa za jembe. Yale majivu yalikuwa ya kukausha samaki. Miaka kumi na moja mama yake hakuwa amegusa jiwe la madini, na maji na udongo na moshi vilikuwa vimekwisha kumsafisha kitambo. Doa lile lilibaki kichwani mwa Gaston peke yake. Na vidole alivyokuwa amevishika, akaja kuvisikia sasa, vilikuwa vimelowa, vina baridi, na vilikuwa vinamkaza pole pole.

Yule bibi akashika njia ya kurudi stesheni, kilomita nyingi, giza linaingia.

"Gaston," Micheline aliuliza kwa sauti ya chini, "uko hakika?"

Angeweza kusema hapo. Labda Ngeleka angejua la kufanya, labda sivyo. Hata hivyo bibi alikuwa hajafika mbali, angeitwa akasikia. Gaston akamtazama mkewe, ambaye asubuhi ile ile alijua ameolewa na mtu aliyemkana mama yake, na ambaye sasa angejua kwamba mtu huyo amepewa mama wawili akashindwa kuchagua aliyemzaa. Akamtazama mlinzi. Akawatazama watoto.

"Niko hakika," alisema.

Asubuhi Ngeleka alikuja kuwasaidia kukunja hema. Alizitazama nyayo zilizokwenda barabarani, zimezama vizuri mchangani kwa uzito wa mtu, kisha akatazama mchanga mkavu mahali yule mwingine alipokaa usiku kucha, ambapo palikuwa na unyevu tu. Gaston alimnyooshea mkono wa kuagana. Mzee akajifanya anafunga kamba.

Sasa bibi anakaa Kolwezi, katika chumba kilichokuwa cha wageni. Micheline anamhudumia kwa moyo wote, kwa kulipia ile mishumaa, na akilalamika ni juu ya godoro tu, kwamba halikauki. Abigaël ameomba kwenda kusoma Lubumbashi kwa wazazi wa mama yake, na ameruhusiwa. Naomie hulala na nkambo. Kila wiki anasukwa upya, uzi umekazwa zaidi, na halii hata kidogo. Siku hizi Naomie halii kwa chochote.

Jumapili ya kwanza baada ya safari, padri aliuliza kama kuna wageni parokiani. Gaston akasimama. Akamshika bibi mkono, akamwinua, na mbele ya kanisa lililojaa, mbele ya wakubwa wake wa kazi na wakwe zake waliokuja kwa ajili hiyo, akasema kwa sauti wazi maneno ambayo aliyestahili kuyasikia hakuyasikia.

"Huyu ni mama yangu. Nilimficha kwa miaka mingi, na ninaomba msamaha."

Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi, baba mkwe akavua miwani yake ya dhahabu. Gaston akainamisha kichwa na kukaa hivyo mpaka mwisho wa misa, na waliomwona wakadhani anasali.